Dakika ambazo Ford hakuhesabu



Siku hizi zilizopita tulialikwa hapa Kalemie ku mkutano mmoja wa vijana waliomaliza masomo. Msemaji, sitamtaja jina, alisimama akatuambia: «Henry Ford hakuwa na diploma, na alibadilisha dunia. Ninyi munangoja nini?» Watu wakapiga makofi. Mimi pia nilipiga. Lakini ku nyumba nikajiuliza: huyu papa, alisoma kweli kitabu cha Ford? Nikakitafuta mu simu, nikakipata kwa Kifaransa: Ma vie et mon œuvre. Kwa Kiingereza kilitoka 1922, na Ford alikiandika pamoja na Samuel Crowther. Nimekisoma mpaka mwisho. Haya njo mawazo yangu.

Tuanze na sifa, maana kitabu kinazistahili. Pale Ford anapoongelea kazi yenyewe, hakuna kupoteza maneno. Kampuni yake ilizaliwa 1903 mu Detroit. Mu 1908 ikatoa Model T, motokari ya silinda 4 na nguvu ya farasi 20, iliyoinuka juu ya udongo, maana barabara nyingi za Marekani wakati ule zilikuwa matope, sawa ile yetu ya Moba wakati wa mvua. Haikuwa na pampu ya petroli. Petroli ilishuka yenyewe toka ku tanki. Basi mlima ukiwa mkali na tanki karibu tupu, dereva aligeuza motokari na kupanda kinyumenyume!

Ford anaweka hesabu zake wazi. Mwaka 1909-1910 bei ilikuwa dola 950, na walitengeneza motokari 18 664. Mwaka 1916-1917 bei ilikuwa dola 360, na motokari 785 432. Alifanyaje? Anasema mwenyewe kwamba wazo lilitoka ku wachinjaji wa Chicago: nyama inaning'inia, inapita mbele ya watu, kila mmoja anakata kipande chake tu. Wale walikuwa wanavunja ng'ombe. Ford akafuata njia ile ile kwa kujenga motokari. Kazi ya kuunga chasi moja, iliyokuwa inachukua masaa 12 na dakika 28, ikashuka mpaka saa 1 na dakika 33. Hapo kitabu ni shule kweli. Mtu yeyote mwenye karakana hapa mujini angefaidika nacho.

Lakini sasa tusome na yale ambayo msemaji wetu hakutuambia.

Kwanza, watu walikuwa wanaikimbia ile kazi. Ford anaandika kwamba, ili abaki na wafanyakazi 14 000, alipaswa kuandikisha karibu 53 000 kwa mwaka. Ndipo mu Januari 1914 alitangaza dola 5 kwa siku ya masaa 8. Haikuwa sadaka, na yeye mwenyewe anakataa iitwe hivyo. Anasema mfanyakazi anayelipwa vizuri ni mnunuzi pia. Ku mikutano yetu wanatuletea paka ile sehemu ya kujituma. Sehemu ya mshahara inabaki mu kitabu.

Pili, kuna ukurasa ambao nilisoma mara tatu. Ford anahesabu aina 7 882 za kazi mu kiwanda chake, halafu anagawanya: kazi 670 zinaweza kufanywa na watu wasio na miguu, 2 637 na watu wa mguu mmoja, 10 na vipofu. Kwa upande mmoja ni jambo jema, maana aliwapa vilema kazi, na mshahara kamili. Kwa upande mwingine jiulize: ni kazi gani ile, ambayo mtu anaweza kuifanya hata akibaki na kipande tu cha mwili wake? Ford hajiulizi. Anaandika ile orodha kama mtu anayehesabu misumari.

Tatu, mu kitabu hiki anatetea makala ambazo gazeti lake liliandika kuwatukana Wayahudi. Mu 1927 aliomba msamaha. Tusiruke ukurasa ule kwa sababu tunapenda motokari.

Nne, na hapa njo Kalemie inaingia. Motokari inasimama juu ya tairi 4, na tairi ni mpira. Model T ilitoka Oktoba 1908. Tarehe 15 Novemba ya mwaka ule ule, Kongo ilitoka mu mikono ya Leopold II na kuwa koloni ya serikali ya Ubelgiji, baada ya dunia kusikia habari za mikono iliyokatwa na vijiji vilivyochomwa juu ya mpira. Sisemi tairi fulani ya Ford ilitoka kwetu. Nasema soko lilikuwa moja, na wakati ule mpira wa dunia ulitoka zaidi porini, Amazonia na Kongo. Kitabu kinahesabu dakika za fundi wa Detroit. Dakika za mtu aliyetumwa porini kwa nguvu kutafuta mpira, hakuna aliyezihesabu.

Je, Ford hakujua thamani ya mali ghafi? Alijua sana! Alinunua misitu, migodi ya makaa na chuma, hata reli, ili asitegemee mtu. Mu 1928 alianza shamba la mpira Brazili, Fordlandia. Miti ikashikwa na ugonjwa, wafanyakazi wakaasi mu 1930, na mu 1945 kampuni ikaachana nalo. Hata akishindwa, alikuwa anafuata jambo moja: anayeshika mali ghafi na kiwanda, huyo ndiye anapanga bei.

Sasa tutazame jimbo letu. Manono iko na lithium, na lithium njo inaingia mu betri za motokari za umeme, zile ambazo kampuni ya Ford nayo inauza leo. Reli toka Kabalo ilifika hapa ku ziwa mu 1915, na kazi yake ilikuwa kupitisha mizigo. Lakini Kalemie haikupitisha mizigo tu. Wazee wetu wanakumbuka Filtisaf, pamba ikiingia na kitambaa kikitoka, hapa hapa. Kwa hiyo mtu asituambie kwamba kugeuza mali ghafi ni jambo la wazungu peke yao.

Nirudi ku ile diploma. Ni kweli Ford hakuwa nayo. Lakini alijifunza ufundi mu karakana tangu kijana, akawa injinia wa kampuni ya umeme ya Detroit, akapitia kampuni mbili za motokari ambazo hazikumfaa, na alipoanza ile ya tatu alikuwa anakaribia miaka 40, na watu walikuwa wamemwekea dola 28 000 mkononi. Kijana wa Kalemie mwenye lisansi, bila karakana na bila mtu wa kumkopesha, asiitwe mvivu kwa kulinganishwa na huyo.

Kitabu mukisome, kinafundisha. Tena tukialikwa ku mkutano mwingine, mmoja wetu anyooshe mkono aulize: mtu anayechimba Manono atalipwa kiasi gani, na ataweza lini kununua ile motokari? Swali hilo Ford mwenyewe alituachia.