Kirikuu ya Umeme na Mtihani wa Bungu

Barabara inayochepuka Bungu kutoka barabara kuu ya Kilwa hukata wilaya ya Kibiti kwa takriban kilomita 40, kisha inaishia majini. Hapo ndipo Nyamisati: gati, boti, kivuko cha kwenda Kilindoni kisiwani Mafia, na mikoko ya delta ya Rufiji pande zote. Gari likishafika halina pa kuendelea. Linageuza na kurudi lilikotoka. Dereva wa petroli aliyekosea hesabu atapata lita mbili za chupa kijijini na maisha yataendelea. Uniti za umeme haziuzwi kwa chupa.

Kwa hiyo mtu wa huku anayeuziwa gari dogo lililong'olewa injini na kufungwa mota ana kipimo chake tayari, na hakihitaji maabara. Asiulize linakwenda kilomita ngapi, maana swali hilo kila muuzaji ana jibu lake tamu. Aulize kama litatoka Nyamisati na mzigo, lifike Bungu, lishushe, lirudi bila kuchomekwa popote. Ni kilomita 80.

Kazi ya kufunga mota kwenye magari si ngeni Afrika Mashariki. Mwaka 2011 Chuo Kikuu cha Makerere kilionyesha Kiira EV, gari la viti viwili lililokusudiwa kwenda kilomita 80 kwa chaji moja: sawa kabisa na safari ya Bungu, ingawa bila hata tenga moja la samaki. Nairobi, kampuni ya Opibus iliyoanzishwa 2017, ambayo leo inaitwa Roam, ilianza kwa kugeuza magari makubwa ya kitalii. Arusha, E-Motion Africa nayo inageuza magari ya safari za mbugani. Na mwaka 2022 Dar es Salaam ilimwona mchora katuni Masoud Kipanya akizindua gari dogo la umeme aliloliunda mwenyewe.

Lakini ujuzi wa magari ya mbugani hauhamishiki wote kwenye gari dogo. Land Cruiser ina uzito unaozidi tani mbili. Ukiipachika kilo 300 za betri inaguna kidogo na kusonga. Kirikuu, yaani Suzuki Carry na ndugu zake, ni kiumbe kingine. Ilizaliwa chini ya sheria ya Japani inayotaka gari la daraja hilo lisizidi mita 3.40 kwa urefu na 1.48 kwa upana, injini isizidi sisi 660, na mzigo usizidi kilo 350. Gari lenyewe tupu lina kama kilo 700. Hizo kilo 350 ndizo riziki ya mwenye gari, na kila kilo ya betri inakula humohumo.

Hapa ndipo fundi hodari anapotengana na mbabaishaji, na karatasi na kalamu vinatosha kuwatenganisha.

Chukua betri za risasi, zile za maji, ambazo wengi huzikimbilia kwa sababu bei yake haitishi. Betri ya volti 6 yenye ampea-saa 225 ina uzito wa kilo 28 hivi. Kirikuu ya volti 72 inahitaji 12, yaani kilo 336. Kwa maandishi zinabeba uniti 16, na uniti ni ileile ya Luku, kilowati-saa moja. Ila betri ya risasi ikishushwa mara kwa mara chini ya nusu hufa mapema, hivyo zinabaki uniti nane, na mota inapovuta kwa nguvu hata nane hazifiki. Injini iliyotolewa, ekzosi, rejeta na tenki lililojaa vilikuwa vinazidi kilo 100, lakini mota na kontrola vimerudisha sehemu ya uzito huo. Mwisho wa hesabu, gari lililoruhusiwa kilo 350 linabaki na nafasi isiyofika kilo 100. Limekuwa gari la kubebea betri zake.

Upande wa pili kuna betri za lithiamu za aina ya LFP. Seli moja kubwa ya ampea-saa 280 ina volti 3.2 na uzito wa kilo tano na nusu hivi. Seli 24 zinatoa volti karibu 77 na uniti 21, kwa kilo 130 tu. Ukitumia asilimia 80 ya chaji unazo uniti 17, na mzigo mwingi wa gari umesalimika.

Uniti moja inakwenda umbali gani? Wapo wauzaji wanaotaja kilomita 12, hata 15. Dawa yao ni Mitsubishi. Kiwanda hicho, chenye wahandisi na mashine zote, kiliuza Minicab MiEV, gari la daraja hilohilo la kirikuu lililozaliwa la umeme; lenye betri ya uniti 16 lilipewa kilomita 150 katika vipimo vya Japani. Haizidi kilomita 10 kwa uniti, tena kwenye rola za maabara, bila mchanga, bila jua la saa nane, bila magunia. Kwenye lami halisi kilomita saba au nane ni sifa nzuri. Kwenye mchanga na matope ya kuelekea deltani, gari likiwa na mzigo, mwenye busara ahesabu sita, na masika apunguze tena. Kwa sita, uniti 17 zinafika kilomita 102: Bungu kwenda na kurudi, na akiba ya 20 hivi. Zile nane za betri za risasi zinafika 48. Gari linalala njiani, na mwenye samaki analala nalo.

Wengine hufunga betri zilizotolewa kwenye Nissan Leaf iliyokwisha kutembea Japani. Si kosa. Leaf za kwanza zilikuwa na uniti 24 katika moduli 48, kila moja karibu kilo nne, na fundi anaweza kuchagua anazotaka. Ila betri hiyo haina kipoozeo cha maji, na joto huizeesha. Wenye Leaf wa Arizona, Marekani, walilijua hilo mapema, na pwani yetu nayo ina joto. Mnunuzi adai kuona uwezo uliobaki wa kila moduli, uliopimwa kwa kuichaji na kuimaliza. Volti pekee si ushahidi.

Volti hudanganya hata kwenye LFP mpya. Seli ikiwa na asilimia 70 au 40 inaonyesha karibu namba ileile, kitu kama 3.3. Gari ambalo fundi ameliwekea mita ya volti peke yake kama geji ya mafuta halijakamilika. Kazi nzuri ina mita inayohesabu umeme unaoingia na kutoka, pamoja na kidhibiti cha betri kinachoangalia kila seli. Muombe fundi afungue namba za seli kwenye simu wakati gari linapanda kilima. Zikishuka pamoja, vizuri. Ikiwa moja inaporomoka peke yake, hiyo ndiyo itakayopanga mwisho wa safari, hata wenzake 23 wawe wazima kiasi gani.

Baada ya hapo, lala chini ya gari. Mikono ya fundi inaonekana kwenye nyaya kuliko penginepo. Vichwa vya waya vilivyobanwa kwa mashine ya haidroliki vina umbo safi. Vilivyopigwa nyundo vinajitambulisha vyenyewe, na ndivyo vinavyochemka. Fyuzi ikae karibu kabisa na betri, na iwe imeandikwa kuwa ni ya mkondo mnyoofu. Swichi ya mzunguko ya nyumbani, ile ya kwenye ubao wa Luku, haina kazi hapo: mkondo mnyoofu ukikatwa huacha cheche ndefu isiyozimika kirahisi, na swichi hiyo haikuundwa kuizima. Kuwe pia na kontakta inayokata betri yote kwa kitufe kimoja ambacho dereva anakifikia. Volti 77 si za mchezo. Mkondo mnyoofu ukizidi volti 60 huhesabiwa kuwa hatari kwa mwili.

Nyamisati inaongeza jambo lake: chumvi. Upepo wa bahari hula shaba tupu ikageuka kijani, na kijani hicho ni ukinzani, na ukinzani ni joto. Vichwa vya waya viwe vimepakwa bati, bolti ziwe za chuma kisichoshika kutu, sanduku la betri liwe na mpira wa kuzuia maji na likae juu kuliko ekseli. Aliyeona mafuriko ya Rufiji na Kibiti ya Aprili 2024 hahitaji kuelezwa zaidi.

Breki husahaulika kuliko vyote. Gari lenye sevo ya breki hupata mvuto wake wa hewa kutoka kwenye injini. Injini ikiondoka, mvuto umeondoka, na pedali inakuwa ngumu kama jiwe siku ambayo gari limeongezewa uzito. Fundi makini anafunga pampu ndogo ya umeme ya kuvuta hewa. Asiyeifunga, kazi yake yote ikataliwe hapohapo, hata nyaya ziwe nzuri vipi.

Kuhusu giaboksi, sikio linatosha. Mota ikiunganishwa bila kunyooka na shafti yake, gari huimba na kutetemeka kwenye mwendo fulani na kunyamaza kwenye mwingine. Beringi hazitamaliza mwaka.

Kuchaji hakuna siri. Soketi ya nyumbani ya ampea 13 hutoa kama kilowati tatu, hivyo kurudisha uniti 17, pamoja na zinazopotea njiani, ni kazi ya usiku mmoja na uniti 20 hivi za Luku. Kwa bei ya T1, yaani ya matumizi ya kawaida, ya shilingi 292 kwa uniti kabla ya kodi na tozo, hiyo ni chini ya shilingi 6,000 kwa safari nzima. Inachekesha kidogo kwamba sehemu ya umeme wenyewe sasa inatoka mto uleule: bwawa la Julius Nyerere, lenye megawati 2,115, liko juu ya Rufiji, na mashine yake ya kwanza iliwashwa 2024.

Imebaki karatasi. Kadi ya gari hutaja injini na aina ya mafuta, na mabadiliko hayo yanapaswa kufika TRA. Gari ambalo kwenye kumbukumbu bado linakunywa petroli litamsumbua mnunuzi mbele ya trafiki na mbele ya bima siku ya ajali. Mnunuzi afanye kwanza safari ya Bungu akiwa na kilo 200 nyuma, kisha azuie sehemu ya malipo mpaka ashike kadi mpya mkononi.