Keshia wa Tili ya Nne

Mtazame keshia anavyoipokea pakiti ya maziwa. Imetoka kwenye friji sasa hivi, na joto la Mombasa likiigusa tu inaanza kutoka jasho. Plastiki inakunjamana, michirizi ya msimbopau inapinda, skana haisomi kitu. Keshia mgeni wa kazi ataipitisha mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, ataipigapiga juu ya kioo kana kwamba mashine imelala, halafu ataanza kubonyeza nambari 13 kwa kidole kimoja huku foleni nzima ikimhesabia. Fundi hafanyi hivyo. Ana kitambaa karibu na kiwiko. Anaifuta pakiti mara moja, anaivuta plastiki kwa vidole gumba viwili mpaka michirizi inyooke, ndipo anaipitisha. Mlio mmoja, na mkono umeshafika kwenye mkate.

Zile nambari 13 zina ulinzi wake. Kumi na mbili za mwanzo huzidishwa kwa zamu, hii kwa 1, inayofuata kwa 3, zinajumlishwa, na ya mwisho huwekwa ili jumla yote igawanyike kwa 10. Ukikosea tarakimu moja unapobonyeza, hesabu inakataa na mashine inagoma. Bidhaa ya kwanza kupitishwa dukani kwa msimbo wa namna hii ilikuwa pakiti ya chingamu ya Wrigley's, katika mji wa Troy, jimbo la Ohio, tarehe 26 Juni 1974. Tangu siku hiyo mashine imechukua kazi ya kukumbuka bei, na watu wengi tukaamini kwamba keshia hakubakiwa na ujuzi wowote. Apitishe, apokee, atoe risiti. Mtu yeyote anaweza.

Sikubaliani na hilo, na ushahidi wangu ni foleni. Katika supamaketi moja ya mtaani kwetu, tili ya nne kutoka mlangoni hukaa mama wa makamo mwenye miwani iliyofungwa uzi. Foleni yake ndiyo ndefu kuliko zote, na si kwamba ni mzito. Wateja wa mtaa huziacha foleni fupi wakajipanga kwake. Kuna mabawabu wa maghorofa wanaotumwa maji na sigara, kuna kina bibi wa buibui, kuna kijana wa chuo mwenye soda moja tu. Nimesimama nyuma yao mara nyingi nikijaribu kuelewa wanafuata nini.

Sehemu rahisi kuiona ni pesa. Bili ikiwa shilingi 743 na mteja akatoa noti ya 1,000, hakimbilii droo. Anauliza, "Una arobaini na tatu, kaka?" Kaka akipapasa mfukoni akazipata, anarudishiwa noti tatu za mia na wote wawili wameokoka kuhesabu sarafu. Akikosa, haidhuru, sarafu zipo. Hapa ndipo anapotofautiana na maduka yanayokurudishia peremende badala ya shilingi mbili tatu zako. Yeye asubuhi hununua sarafu kwa makondakta wa matatu, ambao wanazo nyingi na wanazitaka noti. Hakuna aliyemtuma kufanya hivyo.

Na ile noti ya elfu haiingii kwenye droo mara moja. Kwanza ameiinua, akaitafuta kwa mwanga sura ya simba iliyomo ndani ya karatasi, akapitisha ukucha juu ya uzi. Mwaka 2019 mtihani huu ulikuwa mara mbili: noti mpya zilitolewa tarehe 1 Juni, na zile za zamani za elfu ziliendelea kupokelewa mpaka 30 Septemba, kwa hiyo kwa miezi minne keshia alikuwa na pesa za sura mbili mkononi na mteja mwenye wasiwasi mbele yake. Akisharidhika na noti, anailaza juu ya droo na kuibana kwa stepla, uso juu, wote muione. Anahesabu chenji kwa sauti, anaikabidhi, mteja anaitikia, ndipo noti inatumbukizwa ndani. Kwa hiyo yule wa kusema "nilikupa elfu, si mia tano" hana pa kuanzia. Ni adabu inayomlinda mteja, na inamlinda na yeye: Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007 inamruhusu mwajiri kukata kwenye mshahara upungufu wa fedha uliotokana na uzembe au udanganyifu wa mfanyakazi aliyekabidhiwa fedha hizo. Keshia anayefanya kazi akijua hivyo, na bado akacheka na watu, ana moyo.

Lakini kinachonifanya niache kutazama simu ni pale anapofika mteja mwenye pesa za kuhesabu.

Anamjua kabla hajasema neno. Pengine ni noti zilizokunjwa ndani ya pindo la leso, pengine ni macho yanayorudi rafuni kusoma bei upya. Makeshia wengine hupitisha vitu kwa jinsi vilivyopangwa kwenye kaunta, cha mbele kwanza. Yeye mkono wake unaruka. Biskuti zilizo mbele anaziacha, anafuata unga wa kilo mbili. "Mia na sabini, mamangu." Sauti inafika ukingo wa kaunta, haivuki. Anafuata mafuta ya kupikia. "Mia nne themanini." Sukari. "Mia sita thelathini." Kisha anasimama kidogo, anajifanya anarekebisha karatasi ya risiti. Hiyo ndiyo nafasi anayompa mama ya kufikiri. Mche wa sabuni ni shilingi tisini, na mama anautazama tu. "Ipo ndogo ya hamsini," anaambiwa, kama mtu anayepewa habari ya kawaida, na kijana anayepakia mizigo ameshatumwa kuifuata. Biskuti zimekwisha kuingia chini ya kaunta. "Hizi utazipitia siku nyingine." Mia sita themanini. Mama anahesabu noti saba za mia, anapewa ishirini yake, anaondoka na mzigo wake bila mtu yeyote kujua kwamba kulikuwa na jambo.

Ukitaka kuujua uzito wa jambo hilo, simama tili ya pili siku likitokea huko. Keshia kapitisha kila kitu, jumla imetoka, pesa hazitoshi. Kitu kikishaingia kwenye bili, hana ruhusa ya kukitoa peke yake. Anahitajika msimamizi aje na ufunguo wake au kadi yake. Basi anainua shingo na kuita, "Supavaiza!" Supavaiza yuko bohari. Anaita tena. Foleni nzima sasa inatazama ni nani na ni kitu gani kinachorudishwa, na mara nyingi ni kitu kidogo sana, maziwa ya mtoto au sodo. Mteja anatazama chini. Anayesubiri nyuma anasonya. Keshia huyo hana ubaya wowote. Amefuata utaratibu alioelekezwa. Mama wa tili ya nne anafuata utaratibu huohuo, ila ameona kwamba kisichopitishwa hakihitaji kufutwa, na kazi yake yote anaifanya upande huu wa mlio wa skana.

Sidhani kuna duka linalompima keshia kwa hilo. Vitu vingapi kwa dakika, hilo linapimika. Aibu ambayo haikutokea haina pa kuandikwa.

Jioni za Ramadhani ndizo zinazomchuja keshia. Saa kumi na moja zimepita, magharibi inaingia karibu saa kumi na mbili na nusu, na Mombasa yote imekumbuka kwamba nyumbani hakuna tende. Watu wana kiu, vikapu vimejaa tambi, maziwa na unga wa ngano, na katikati ya yote hayo mteja wa mbele analipa kwa simu na ujumbe hauingii. M-Pesa imetuzoesha tangu Machi 2007 kwamba pesa hufika kwa kufumba na kufumbua, ndiyo maana dakika mbili za kusubiri zinatukera kuliko nusu saa ya benki enzi zile.

"Imeingia?"

"Bado, ami. Mtandao umelemewa, kila mtu analipa saa hii. Nakuweka pembeni, usiondoke."

Hapo ameisimamisha bili ya ami kwenye mashine, mzigo wake kausogeza kushoto, anamhudumia anayefuata. Ujumbe ukiingia anairudisha bili, anamalizia, risiti inatoka. Kitendo chenyewe ni vitufe viwili. Mgeni wa kazi anavijua pia. Asichojua mgeni ni kusema. David Maister, aliyekuwa akifundisha Harvard, aliandika mwaka 1985 juu ya saikolojia ya foleni, akaeleza kwamba kusubiri usikopewa sababu huonekana kurefu kuliko kusubiri ulikoelezwa, na muda mtupu hurefuka kuliko muda wenye shughuli. Mama huyu hajamsoma Maister. Ila hawezi kunyamaza mashine ikikwama: atakwambia kimekwama nini, kitachukua muda gani, na ikibidi atakupa kazi. "Nishikie hiki kikapu cha bibi." Mtu aliyekuwa anasonya amegeuka msaidizi, na msaidizi hasonyi.

Hata anayechupa foleni ana namna yake ya kumrudisha. Hamfokei. Anamsabahi vizuri, anamuuliza wa nyumbani, kisha anamwambia, "Nakuona, mzee wangu, uko nyuma ya huyu mwenye shati la kijani." Mzee ameonekana, amepewa nafasi yake, na nafasi hiyo ni ya nne. Mama mjamzito yeye haambiwi kitu; foleni ndiyo inayoambiwa: "Jamani, mpisheni." Mwenye pakiti moja ya chumvi anapishwa na wateja wenyewe, nayo hiyo ni tabia ambayo sikuiona kwa nguvu hiyo kwenye foleni nyingine za duka lilelile. Wema nao huambukizwa kutoka kaunta, au labda wenye roho nyepesi ndio wanaoichagua foleni hii. Sina hakika ni kipi kilitangulia.

Uholanzi, supamaketi za Jumbo zilifungua mwaka 2019 katika mji wa Vlijmen kaunta maalumu ya polepole, kwa wateja wasio na haraka na wanaotaka kuzungumza, hasa wazee wanaoishi peke yao, na baadaye kaunta hizo zikaenea kwenye matawi mengine. Naliheshimu wazo hilo. Kwetu wa polepole na wa haraka hawajatengwa, wamepangwa mstari mmoja, na keshia huyuhuyu humsikiliza bibi kisa cha goti lake huku vidole vikikimbia juu ya sabuni na chumvi. Ukisikiliza tu utadhani hana haraka. Ukitazama mikono utaona haijapumzika.

Nusu ya sifa apewe yule kijana anayepakia. Kabla ya tarehe 28 Agosti 2017, Kenya ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki, kupakia kulikuwa kujaza mfuko, na ukipasuka unaongezwa wa pili. Siku hizi kila mteja na chombo chake: kikapu cha ukili, kiondo, begi la shule, boksi lililoombwa palepale. Kijana anakitazama chombo kwanza, ndipo anamwonyesha keshia kwa kidevu ni kitu gani kitangulie. Makopo chini, unga pembeni usimame, sabuni mbali na mkate, mayai juu, maziwa peke yake kwa kuwa yanatoka maji. Hawa wawili hawazungumzi. Keshia akisukuma kopo la nyanya kwa kiganja, kijana ameshafungua mkono.

Zamu inapokwisha, anaweka kibao cha kufunga kwenye mkanda, anawahudumia waliokwisha kujipanga, kisha anahesabu. Noti zote zinageuzwa uso upande mmoja, sarafu zinapangwa mafungu ya kumi kumi, anazilinganisha na karatasi ndefu iliyotolewa na mashine. Niliwahi kumkuta siku ambayo pesa zilizidi shilingi ishirini. Nilidhani angefurahi, maana upungufu ndio unaokatwa. Badala yake alizirudia kuhesabu, akavua miwani, akaanza kuwapitia wateja wa mchana mmoja mmoja kwa walichonunua: dagaa na viberiti, nepi, taa ya sola.

"Ni yule mzee wa betri," alimwambia kijana. "Nilimkata maneno nikampa thelathini."

Akararua kipande cha karatasi ya risiti, akaandika "betri, 20/=", akakibandika kwa gundi ya karatasi kwenye ubavu wa tili, mahali ambapo keshia wa usiku angekiona.