Kurasa nne za Mpemba

Mwezi huu nimemaliza vitabu viwili, lakini kilichonikaa kichwani ni makala ya kurasa nne tu: "Cool?" ya Erasto Mpemba na Denis Osborne, jarida la Physics Education, 1969. Wakati huo Mpemba alikuwa chuo cha Mweka, hapo juu tu ukitokea huku kwetu Pasua.

Nusu ya kwanza kaiandika mwenyewe, na ndiyo tamu. Mwaka 1963, akiwa sekondari ya Magamba, aliweka maziwa ya moto kwenye friza yawe aiskrimu. Yakaganda kabla ya ya mwenzake ambayo hayakuchemshwa. Akauliza kwa nini, akachekwa.

Nusu ya Osborne iko makini, ila nina neno: yeye alipima maji yanapoanza kuganda, Mpemba alisimulia maziwa yaliyokwisha kuganda. Si kitu kimoja, jamani. Mwaka 2016 Burridge na Linden walipima upya, hawakuona ushahidi wa kuridhisha. Ubishi unaendelea.

Hata hivyo, isome. Juzi mdogo wangu aliniuliza kwa nini Kibo kuna barafu wakati ndiko karibu na jua. Nilicheka. Baada ya kurasa hizi nimemwomba radhi, tukakaa kulijibu.