Nzi wadogo wa ndani: watambue kwanza, dawa baadaye

Mvua za Rungwe huanza Novemba na kuendelea hadi Mei, na katika baadhi ya maeneo hupita milimita 2,000 kwa mwaka. Msimu huo nyumba za Kisiba hujaa vijinzi: jikoni penye mikungu ya ndizi, bafuni, hata sebuleni. Wengi hukimbilia kopo la dawa ya kupuliza. Dawa huangusha wanaoruka, lakini mabuu yaliyo ndani ya uozo hayaguswi, na baada ya siku chache kizazi kingine kimetoka. Tatizo haliko kwenye dawa. Hatujajua nzi huyu ni yupi, wala anazalia wapi.

Angalia anapotua na anavyokwenda. Mwenye rangi ya kahawia isiyokolea na macho mekundu, anayeelea polepole juu ya ndizi mbivu au chungu cha pombe ya kimpumu, ni nzi wa matunda. Jike mmoja hutaga mamia ya mayai. Kwenye joto la nyuzi 25, yai huwa nzi kamili kwa siku 10 hivi; kwenye nyuzi 18 huchukua karibu mara mbili. Ndiyo maana Kisiba, yenye ziwa lililo kwenye mwinuko usiofika mita 900 juu ya usawa wa bahari, huwaona wakiongezeka haraka kuliko Tukuyu mjini, kwenye mita 1,500 na baridi yake.

Mwenye mabawa mapana yenye manyoya, aliyetulia ukutani bafuni na akiguswa huruka kidogo tu, huzalia kwenye utando wa utelezi ndani ya tundu la maji. Mwenye kibyongo, anayetimua mbio mezani kabla ya kuruka, hutoka kwenye uozo uliojificha: kiazi kilichosahaulika au bomba la maji machafu lililopasuka chini ya sakafu. Mweusi mwenye miguu mirefu anayezunguka dirishani hutoka kwenye chungu cha maua kinachomwagiliwa kupita kiasi. Kule Kyela kuna kungu, vijinzi wanaopanda kutoka Ziwa Nyasa kama moshi. Hao huzalia ziwani na kufuata taa, kwa hiyo kusugua bafu hakusaidii. Zima taa tu.

Ukishuku tundu fulani, likaushe pembeni, kisha usiku bandika selotepu juu yake, upande wa gundi ukitazama chini, ukiacha nafasi kidogo ya hewa. Asubuhi ukikuta nzi wamenasa, umepata mazalio. Rudia kwa kila tundu.

Kazi inayofuata ni ya mikono. Jiki ikimwagwa hupita juu ya utando na kuuacha mahali pake. Sugua kuta za tundu kwa brashi ya mpini mrefu hadi utelezi utoke, kisha suuza kwa maji ya moto. Jikoni, toa ndizi zilizopasuka, funika pombe kwa kitambaa chembamba na mwaga maganda kila jioni. Mtego wa siki na tone la sabuni hunasa wakubwa tu. Utumie kupimia kama wanapungua.

Makunduchi, Unguja, ilionyesha mantiki hiyo ya kuziba mazalio mwishoni mwa miaka ya 1980. Ili kupunguza mbu waenezao matende, punje nyepesi za plastiki zilimwagwa kwenye vyoo vya shimo vyenye maji. Zilielea na kufunika maji, mbu wakakosa pa kutagia na mabuu yakakosa hewa. Mbu walipungua sana, kwa sababu mlango wa kuzaliwa ulifungwa.

Usikate tamaa ukiendelea kuwaona baada ya kusafisha. Wakubwa waliobaki huishi siku kadhaa, na mabuu yaliyokwisha kukomaa bado hutoka. Subiri wiki tatu huku ukirudia selotepu. Zikipita na wale wenye kibyongo bado wanakimbia sakafuni, acha kusugua: mwite fundi bomba achunguze chini ya saruji.