Ufa wa Dhahabu

Bakuli la chai liitwalo Seppō halikupita kwenye gurudumu la mfinyanzi. Hon'ami Kōetsu (1558–1637) wa Kyoto alilifinyanga kwa viganja, akauinua ukuta wake kidogo kidogo. Hiyo ndiyo ada ya Raku, ufinyanzi ulioanzishwa mjini humo katika karne ya 16 na fundi Chōjirō, aliyemtengenezea mabakuli bwana wa chai, Sen no Rikyū.

Ufinyanzi haukuwa kazi ya ukoo wa Kōetsu. Wao walinoa na kukagua panga, na yeye mwenyewe alisifika kwa uandishi wa hati. Udongo aliupata kwa akina Raku, na hata kuchoma alichomewa kwao. Lakini mkono uliozoea kupima makali ya chuma ulijua pia pa kukoma. Seppō ni duara nono lililosimama juu ya kitako kifupi, wala mtu hawezi kusema ubavu unaanzia wapi na tumbo linaishia wapi.

Wekundu wake ni wa udongo, unaoonekana chini ya utando mwembamba kama kioo. Mabakuli mekundu ya Raku huchomwa kwa moto mdogo, hivyo udongo hubaki laini wenye vitundu, na joto la chai hupenya polepole. Mgeni hulikumbata bakuli kwa mikono miwili bila kuungua. Chai yenyewe ni unga wa majani makavu ya chai ya kijani uliokorogwa kwa kipekecho cha mwanzi, na ukijani wake hukolea zaidi ukikaa ndani ya wekundu huo.

Kutoka mdomoni, weupe umemiminika ubavuni kama theluji juu ya mlima, na hapo ndipo lilipopata jina lake, Kilele cha Theluji. Kisha kuna ufa. Tanuri ndilo lililolipasua. Wengi wangelitupa. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na huu umezibwa kweli, kwa utomvu wa mti wa urushi na unga wa dhahabu, ila haukufichwa. Mstari wa dhahabu unaufuata mpasuko kila ulikokwenda, ukionyesha wazi pale moto ulipomshinda fundi.

Leo Seppō limo katika makumbusho ya Hatakeyama jijini Tokyo, na Japani imeliorodhesha kuwa Mali Muhimu ya Utamaduni. Limestahili. Fundi hodari huficha kosa lisionekane. Aliye bingwa hulitazama kwanza, akaamua kama kweli ni kosa.