Malkia Ndani ya Tyubu

Kuna aina ya video ninayoitazama usiku hadi bando iishe: mtu anamsaidia malkia wa sisimizi kuanzisha koloni nyumbani. Mpangilio haubadiliki. Mvua imenyesha, malkia ameruka, amepandwa, ameyang'oa mabawa yake. Anatiwa kwenye tyubu ya kioo yenye maji nyuma na pamba ya kuyazuia, mdomo unazibwa kwa pamba nyingine, kisha giza. Yai, buu, halafu mfanyakazi wa kwanza, mdogo kuliko watakaomfuata. Chaneli ya AntsCanada ndiyo fundi wa mambo haya: koloni zinapewa majina kama Fire Nation, na unajipata ukimwombea mdudu.

Utamu uko kwa kusubiri. Malkia wa sisimizi wavunaji hali kitu wiki hizo zote za mwanzo. Misuli iliyopeperusha mabawa inayeyuka mwilini na kuwa chakula cha watoto. Mbegu za kiume alizopokea wakati huo mmoja zitamtosha maisha yake yote. Sasa, anayemsaidia anafanya nini haswa? Anampa maji na giza, halafu anamwacha. Hapo ndipo video hizi zinajikanyaga. Mlezi mzuri haangalii. Kamera lazima iangalie. Kila ukionyeshwa yai, ujue kuna mtu amewasha taa. Ninazozipenda ni zile zinazokubali kuruka wiki tatu bila picha yoyote.

Lakini kasoro kubwa zaidi ni mahali hadithi inapoanzia. Mara nyingi inaanza kwenye tyubu, kana kwamba malkia alizaliwa humo. Aprili 2025, vijana wawili kutoka Ubelgiji walikamatwa Naivasha wakiwa na malkia karibu 5,000 wa Messor cephalotes, ndani ya tyubu zaidi ya 2,200. Pamba ileile, ufundi uleule. Mwezi uliofuata mahakama iliwatoza kila mmoja faini ya shilingi milioni 1, ama miezi 12 jela.

Huku mtaani tulicheka. Siafu kortini? Wengine wakasema ni mchwa. Kicheko hicho nacho kinahitaji uhakiki. Mchwa yuko karibu na mende kuliko sisimizi. Naye malkia wa siafu hana mabawa wala haanzi peke yake. Anaondoka na kundi zima la wafanyakazi. Huwezi kumwanzisha kwa tyubu. Mdudu ambaye hatuna hata jina lake mdomoni ni rahisi kubebwa bila mtu kuuliza.

Wafugaji wana jibu lao: porini malkia wengi hufa hata hivyo. Ni kweli. Lakini wachache wanaopona hutoka kwenye umati huohuo, na sisimizi wavunaji husaidia kusambaza mbegu za nyasi. Ukichota malkia elfu kadhaa kutoka eneo moja, umechota pia viota vya miaka ijayo.

Sitaki video hizi ziishe. Nataka zianze mapema kidogo, pale shimoni: ni udongo wa wapi, nani aliinama kumwokota, alilipwa pesa ngapi, kibali kiko wapi. Zikituonyesha hayo, nitaamini neno "kusaidia". Kwa sasa naona tu mtu aliyenunua malkia na kumfungia gizani.