Kliniki ya Mguu Kifundo, Msasani

Mguu kifundo ni ulemavu ambao mtoto huzaliwa nao: nyayo zimepinda kuelekea ndani na kisigino kimevutwa juu. Hospitali ya CCBRT iliyopo Msasani, wilayani Kinondoni, Dar es Salaam, ni moja ya mahali ambapo mtoto wa familia ya kipato cha chini hunyooshwa miguu bila kufanyiwa upasuaji mkubwa. Taasisi ya CCBRT ilianza mwaka 1994, na inastahili pongezi za dhati.

Njia inayotumika ilibuniwa na Ignacio Ponseti, daktari aliyefanya kazi Iowa, Marekani. Mguu hunyooshwa polepole kwa mikono, kisha hufungwa hogo linalobadilishwa kila wiki, kwa kawaida mara tano hadi nane. Wengi hukatwa kano ya kisigino kwa mkato mdogo. Baadaye mtoto huvaa viatu vilivyounganishwa kwa chuma, karibu saa 23 kwa siku katika miezi mitatu ya mwanzo, kisha wakati wa kulala tu hadi afike takriban miaka minne.

Ugumu wenyewe upo katika ratiba hiyo ndefu. Mama anayetoka Mbagala, Temeke, hulipa nauli ya daladala kila wiki, huku akipoteza kipato cha siku nzima ya biashara na pengine akilaumiwa na ukoo kwa maumbile ya mwanawe. Ndiyo maana mhudumu anayefundishwa kazi hii hana budi kujifunza, pamoja na kufunga hogo, kuzungumza na baba na bibi wa mtoto. Wasipoelewa na viatu vikiachwa mapema, mguu huweza kurudi kupinda.